Mjadala: Mwenyeji wa Kombe la Asia la wasichana U-17 aendelee kupewa nafasi bila kufuzu?

Kipenga cha Mwisho
Tulijadili hili bila jazba. Mei 2024 Kombe la Asia la wasichana chini ya miaka 17 lilichezwa Bali, Indonesia: timu nane, makundi mawili, tiketi tatu za Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika. Japani, Korea Kaskazini na China ziliingia moja kwa moja kwa kuwa zilishika nafasi tatu za juu mwaka 2019. Australia, Thailand, Korea Kusini na Ufilipino zilitokea kwenye mchujo. Indonesia iliingia kwa sababu ndiyo iliyoandaa, basi.

Ikafungwa 6-1 na Ufilipino, 12-0 na Korea Kusini, 9-0 na Korea Kaskazini. Mabao 27 kwa mechi tatu, na hao ni watoto waliozaliwa 2007 hadi 2009. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa wageni wamekuja, mwenyeji kalazwa hoi. Mimi nasema nafasi ya bure ifutwe kwenye ngazi hii. Nani anapinga, na kwa hoja gani?

Karani wa Jedwali
Siungi mkono kwa sababu ya huruma. Naunga mkono kwa sababu ya hesabu, maana 12-0 ile haikuiumiza Indonesia peke yake.

Angalia Kundi A kabla ya siku ya mwisho. Korea Kusini walikuwa wamefungwa 7-0 na Korea Kaskazini, wakaifunga Indonesia 12-0: pointi 3, tofauti ya mabao +5. Ufilipino walikuwa wameifunga Indonesia 6-1, wakafungwa 6-0 na Korea Kaskazini: pointi 3, tofauti -1. Mei 12 wakakutana wao kwa wao, Korea Kusini wakijua sare inawatosha. Ikaisha 1-1. Pointi 4 kwa 4, wao kwa wao hawajatofautiana, ikaamua tofauti ya mabao. Korea Kusini nusu fainali, Ufilipino uwanja wa ndege.

Sasa futa mechi za Indonesia. Korea Kusini wanabaki wamefunga 1 na kufungwa 8, yaani -7. Ufilipino wanabaki wamefunga 1 na kufungwa 7, yaani -6. Aliyepita anageuka. Timu ambayo haikufuzu ndiyo iliyochagua nani aende nusu fainali.

Na hasara haikuishia hapo. Korea Kusini wakaifunga China 2-1 kwenye mechi ya mshindi wa tatu, wakakata tiketi ya 2024. Kisha Kombe la Dunia la U-17 lilipofanywa la kila mwaka kuanzia Moroko 2025, na timu zikafika 24, Asia ilipeleka hao hao wanne waliofika nusu fainali Bali. Kwa hiyo kuvuka kundi lile kulikuwa na thamani ya Kombe la Dunia, hata ukimaliza wa nne.

Bi Kiungo
Karani, hesabu yako ni sahihi ila hukumu yako siyo. Ufilipino walicheza na Indonesia ile ile, dakika 90 zile zile. Mmoja kafunga sita na kuruhusu moja, mwingine kafunga 12 na hakuruhusu kitu. Kosa la nani? Ukiongoza 4-0 ukaanza kupumzisha miguu, hilo ni lako na benchi lako. Kila kocha wa mashindano ya makundi anajua kwamba dhidi ya mnyonge wa kundi huachi kufunga, hata kama watazamaji wataguna.

Pia mmechagua mfano mmoja. Chukueni Kombe la Dunia la U-17 India, Oktoba 2022. India iliwekwa nafasi ya kwanza ya Kundi A kama mwenyeji, ikapigwa 8-0 na Marekani, 3-0 na Moroko, 5-0 na Brazili. Mabao 16, haikufunga hata moja. Lakini jedwali lilibadilika? Marekani na Brazili walitoka sare 1-1, wakamaliza na pointi 7 kila mmoja, Marekani +12, Brazili +6. Toa mechi za India: +4 kwa +1. Wale wale, kwa mpangilio ule ule.

Karani wa Jedwali
Dada Kiungo, hoja ya dakika 90 zile zile ingesimama kama ingekuwa Indonesia ile ile. Haikuwa. Ufilipino walikutana nayo siku ya ufunguzi, Mei 6, uwanja wa Gianyar, mwenyeji ana pumzi na mashabiki nyuma yake. Korea Kusini wakaikuta Mei 9, siku tatu baada ya kichapo cha sita. Mwenye kikosi kifupi hapati timu mpya ndani ya saa 72.

Namba Tano
Wengi mnasema "walizidiwa" bila kueleza wamezidiwa wapi. Mabao 12 hayatokani na vipaji vya mpinzani pekee. Yana utaratibu wake.

La kwanza, mpira wa goli, ule anaouanzisha kipa. Tangu sheria ilipobadilika 2019, beki anaruhusiwa kuupokea ndani ya boksi. Timu dhaifu inafundishwa kuanzia nyuma kwa sababu ndiyo fasheni, lakini nyumbani hakuna anayeikabia juu, kwa hiyo haijawahi kujaribiwa. Ikifika kwa Korea, kipa anampa beki wa kati, beki anageuka na kukuta watu wawili, mpira unapotea mita 18 kutoka golini. Bao. Linarudiwa hilo hilo mara tatu kabla benchi halijasema "pigeni mbele".

La pili, urefu. Goli la msichana wa miaka 15 ni la wakubwa wale wale, mita 7.32 kwa 2.44. Kipa mfupi asiye na mwalimu wake maalumu hubaki kwenye mstari kila kona. Anayepiga kona akishaliona hilo, anaupeleka mpira juu ya kichwa cha kipa mwanzo hadi mwisho.

La tatu, dakika ya 60. Siku hizi mnabadilisha wachezaji watano. Kwa mwenye benchi hao ni washambuliaji watano wenye miguu mipya. Kwa asiye na benchi ni kuingiza wasichana ambao hawajacheza mechi ya ushindani mwezi mzima. Ndiyo maana mabao ya vichapo hivi hujaa nusu ya saa ya mwisho.

Yote matatu yanatibika. Hayatibiki kwa kambi ya miezi mitatu.

Mwana wa Pwani
Huku kwetu Afrika hakuna ukarimu wa aina hii kwa U-17. Hakuna hata fainali za bara za wasichana U-17: unafuzu kwa nyumbani na ugenini hadi raundi ya mwisho. Serengeti Girls wa Tanzania walikwenda Yaoundé Mei 2022 wakaifunga Kameruni 4-1, wakarudi Amaan, Zanzibar, wakashinda 1-0, wakaenda India kwa jasho lao. Kule wakafungwa 4-0 na Japani mechi ya kwanza. Timu iliyopewa nafasi bure ingevunjika. Wao wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, robo fainali, ndipo Kolombia wakawatoa 3-0. Junior Starlets wa Kenya vivyo hivyo 2024: walipita juu ya Burundi, wakafungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, wakaifunga Mexico 2-1. Kuzoea kufungwa na kunyanyuka kunajengwa kwenye mchujo.

Bi Kiungo
Na mchujo wa kwetu ukimpanga binti na Nigeria raundi ya mapema, anacheza mechi mbili, kwaheri. Huo nao unajenga nini? Asia aliyefika fainali ana uhakika wa mechi tatu, hata mnyonge. Usisifu jembe kwa kuwa ni lako.

Ninachotaka mkijibu ni hiki. India ile ya 16-0, ambayo wengi waliiita aibu, Agosti 2025 U-20 yao iliifunga Myanmar 1-0 kule Yangon na kufuzu Kombe la Asia 2026, mara ya kwanza tangu 2006. Oktoba 2025 U-17 yao ikaifunga Uzbekistan 2-1 na kufuzu fainali za 2026, zilizopangiwa China. Kwa mchujo, siyo kwa kadi ya mwaliko. Mnadhani viwanja vya mazoezi, makocha na ratiba za kambi zilianguka kutoka mbinguni? Zilianza kwa sababu 2022 kulikuwa na wageni wanakuja.

Kipenga cha Mwisho
Viwanja vilianza kwa sababu ya uenyeji. Hilo nakubali. Lakini uenyeji na kucheza ni vitu viwili. Unaweza kuandaa harusi bila kuwa bwana harusi.

Mzee wa Takwimu Ndogo
Kipenga, hapo umependezesha maneno tu. Waziri wa fedha wa nchi gani atasaini fungu la viwanja, hoteli, ulinzi na usafiri wa timu saba za wageni, halafu timu yake ikae nyumbani? Na mechi ambazo mwenyeji hachezi za umri huu, majukwaa huwa nyasi na upepo. Futa nafasi ya mwenyeji uone utapata maombi mangapi ya kuandaa.

Swali la pembeni: je, hao wanaofunga mabao hayo ni wakubwa kwa umri? Maana mtu akiona 12-0 hukimbilia kusema hao siyo watoto.

Namba Tano
La umri tusilifungulie mlango hapa, litaula mjadala wote. Kwa kifupi: kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono FIFA walikianzisha kwa wavulana 2009. Kinatazama kama mfupa umeshaungana kabisa. Wasichana mifupa yao hufunga mapema, kwa hiyo binti wa miaka 16 mkweli kabisa anaweza kuonekana "amezidi". Hakifai kwao. Na tofauti ya mabao 12 haihitaji mtu kudanganya umri, nimeshaeleza inatoka wapi.

Turudi kwa mwenyeji. Mimi sifuti nafasi, naiwekea masharti. Mwenyeji acheze mchujo kama wengine, lakini nje ya hesabu: matokeo yake yasihesabiwe kwa wapinzani. Akiburuza mkia kwenye kundi lile, nafasi yake ya fainali iende kwa wa pili bora wa mchujo, yeye abaki na uenyeji. Akishika nafasi yoyote juu ya mkia, anaingia.

Na maandalizi yaanze miezi 24 kabla. Hapo ndipo wengi hukosea: wanachukua wasichana wa miaka 16 wanaoonekana leo, na siku ya mashindano wote wamepitwa na umri. Kwa fainali za Mei 2024 ilibidi Mei 2022 uwe unatafuta wa miaka 13 na 14. Uanze na 40, makipa wasipungue sita maana ndio wanaochelewa kukomaa, ligi ya mechi zisizopungua 20 kwa mwaka, na kirafiki zipande ngazi kwa ngazi. Kufungwa 3-0 kunakuonyesha kosa liko wapi. Kufungwa 12-0 hakukuonyeshi kitu, kila kitu ni kosa.

Bi Kiungo
Masharti hayo nayapokea, isipokuwa la mkia. Kundi la mchujo lenye Australia, Thailand na Vietnam, kuburuza mkia siyo aibu. Weka wastani wa mabao ya kufungwa: akizidisha manne kwa mechi, hapo sawa.

Karani wa Jedwali
Hata mkikubaliana, kuna jambo la fainali za 2026. Fainali sasa ni timu 12, makundi matatu, na timu mbili bora kati ya zilizoshika nafasi ya tatu nazo zinaingia robo fainali. Anayefika nusu fainali ana tiketi ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo mabao ya mnyonge hayaamui tena kundi lake tu, yanalinganishwa na ya makundi mengine mawili ambayo huenda hayana mnyonge. China, wenyeji wa 2026, si wanyonge kwao, hilo liko wazi. Lakini uenyeji utazunguka.

Dawa yangu ni rahisi: mkilinganisha wa tatu, futeni mechi dhidi ya wa nne katika makundi yote. Asia wameshawahi kufanya hivyo kwa wanaume walipowapanga washindi wa pili kwenye mchujo wa Kombe la Dunia 2022.

Mwana wa Pwani
Si rahisi zaidi kupanga ratiba, mwenyeji akutane na timu zinazowania nafasi siku moja yenye hali moja?

Karani wa Jedwali
Haiwezekani, ndugu yangu. Kundi la timu nne lina siku tatu, na kila siku mwenyeji anakutana na mmoja. Siku ambayo wawaniaji wawili wanakutana wao kwa wao, mwenyeji yuko kwa yule mbabe. Zinabaki siku mbili za kuwapa hao wawili, na lazima mmoja atangulie. Kule Bali aliyetangulia alikuwa Ufilipino.

Kipenga cha Mwisho
Basi anayetangulia ndiye apewe tahadhari: siku ya kwanza usipumzike ukiwa na 6-1.

Bi Kiungo
Ndicho nilichosema tangu mwanzo, mkanicheka.