Kwanini radi nyingine inapasuka mara moja na nyingine inanguruma weee mpaka basi?

mdadisi_wa_anga
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwenye hili. Kwamba mwanga una kasi kuliko sauti ndo maana tunaona umeme kwanza halafu ngurumo inafuata, hilo naelewa. Ila umeme wenyewe unawaka hata sekunde haifiki umezima, sasa ngurumo inawezaje kuvuta sekunde kumi na kitu, inapanda inashuka, unadhani imeisha kumbe inaanza tena? Na kwanini kuna siku inapiga paaa! mara moja tu na imeisha?

fizikia_tamu
Mkuu hapo umeuliza kitu kizuri sana. Siri ni kwamba radi sio nukta, ni njia ndefu ya kilomita kadhaa, imepindapinda na ina matawi. Umeme ukipita, hewa ya kwenye hiyo njia inachemka ghafla mpaka kama nyuzi 30,000 za Selsiasi, yani karibu mara tano ya joto la uso wa jua, inatanuka kwa nguvu na huo mtanuko ndo ngurumo. Njia nzima inapiga kelele karibu kwa wakati mmoja lakini vipande vyake haviko umbali sawa na wewe. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwahiyo kipande kilicho kilomita 1 utakisikia baada ya sekunde 3, kilicho kilomita 5 baada ya sekunde 15, hapo katikati zote hizo wewe unasikia ngurumo tu. Chukulia watu wamejipanga mstari mrefu wakapiga kofi wote kwa pamoja, we uliyesimama mwisho wa mstari utasikia makofi yanafuatana.

Ile kupanda na kushuka inatokana na hiyo mipindo. Kipande kilichokukalia kiubavu sauti yake inafika yote kwa mkupuo, unasikia mshindo, kilichonyooka kuelekea mbali na wewe sauti yake inafika kidogokidogo. Ukiwa kwenye milima mwangwi nao unaongezea.

bi_mawingu
Niongezee hapo kwenye paaa, hiyo ni radi iliyopiga karibu. Sauti nyembamba na kali zinafifia haraka hewani, zile nzito ndo zinafika mbali, so ya karibu unasikia mpasuko na ya mbali unabaki na mngurumo tu. Halafu mara nyingi radi moja ina mipigo mitatu minne inapita njia ileile, ndo maana unaona mwanga unapepesa.

Ila jamani ukishasikia ngurumo ujue uko eneo la hatari tayari, hata kama kwako hainyeshi. Ingia kwenye jengo la maana au gari lenye bodi na paa la chuma ufunge vioo (linalokinga ni chuma kupitisha umeme kwa nje, sio matairi), ukae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

mdadisi_wa_anga
Asanteni sana, sasa naelewa. Na ule umeme unamulika usiku kimya kabisa? Kuna watu wanasema huo hauna sauti.

fizikia_tamu
Sauti ipo mkuu, haikufikii tu. Kwa kawaida hewa ya juu ni baridi kuliko ya chini, na sauti inakwenda taratibu kwenye baridi, matokeo yake inapinda kuelekea juu na kukuruka. Ngurumo kuisikia zaidi ya kilomita 20 ni nadra wakati mwanga wa mawingu marefu usiku unauona hata kilomita 100.

mdadisi_wa_anga
La mwisho, nikitaka kujua umbali nahesabu sekunde tangu umeme uwake mpaka ngurumo inapoanza au inapoisha?

bi_mawingu
Inapoanza, kisha gawa kwa 3 unapata kilomita za kipande kilicho karibu yako. Ila usiache kuhesabu hapo, endelea mpaka inapoisha! Kama ngurumo yenyewe imevuta sekunde 12 tangu ianze na hamna milima ya kurudisha mwangwi, basi kati ya sehemu ya karibu na ya mbali kuna kama kilomita 4, na radi nzima haiwezi kuwa fupi ya hapo. Mi hicho ndo kinanifurahisha kwenye ngurumo kuliko vyote, unaipima radi kwa masikio hata kama imejificha yote ndani ya wingu.