Nagona au Adili na Nduguze kwa binti wa miaka 12?

MamaTatu: Hodi wanajamvi. Binti yangu wa darasa la saba kachoka hadithi za sungura, anataka "kitu cha ajabu". Kabatini nina viwili: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert na Nagona cha Kezilahabi. Nagona ni chembamba, nikadhani ndicho chepesi. Kurasa kumi tu, nimetoka jasho. Nimpe kipi?

KalamuNyekundu: Wembamba usikudanganye, dada. Nagona (1990) nilikisoma chuoni, nikakirudia, na bado. Mtoto hatadhurika, ila hatapata pa kushika. Wanaibuka kina Plato na Marx. Akikuuliza ni kina nani, utamwambia akalale.

Mpwani: Adili! Ila kisome wewe kwanza. Kila usiku Adili anachapa manyani wawili, kumbe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru awachape. Mwanangu wa miaka tisa aliwalilia manyani, Adili wala hakumshughulisha!

Tikiti_Maji: Kuna pia Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya 1940 ya Alice in Wonderland cha Lewis Carroll. Ila kukipata, labda ubahatike.

MwalimuWaSita: Kilio hicho ndicho kipimo changu. Kwa Adili, mtoto akishtuka na kuuliza "kwa nini?", kitabu kinamjibu, maana Rai, mfalme wa nchi ya Ughaibu, naye anauliza swali hilohilo na Adili anasimulia mwanzo hadi mwisho. Nagona kinakujibu kwa fumbo jingine. Darasani kwangu majini hayajamsumbua mtoto yeyote. Kinachowakwamisha ni maneno. Kiswahili cha 1952 kina mifupa. Someni pamoja, sura moja kwa usiku.

MamaTatu: Ahsante mwalimu. Ila hivyo viboko vya kila usiku... kwetu hatuchapi.

Mpwani: Basi mtapata la kuzungumza. Adili mwenyewe hachapi kwa kupenda. Muulize: ungekuwa wewe, ungemtii Huria?

KalamuNyekundu: Na Nagona usikigawe, shoga. Akifika kidato cha tano atakitafuta mwenyewe.

MamaTatu: Mrejesho: nilisema tutaanza Ijumaa. Jana usiku nimemkuta na tochi chini ya shuka, anauliza, "Mama, Ughaibu iko wapi?"