Msaada wakuu: keneli (kiini cha mfumo endeshi) inaanguka ovyo, nadhani ni resi (kazi mbili kugongana) kwenye kumbukumbu

mtu_wa_bodi: Wakuu habari za usiku. Nina draiva ya Linux inayosoma vipima maji kwa SPI (njia ya mawasiliano kati ya bodi na vipima). Bodi ina kori (kitengo cha kuchakata) moja, imefanya kazi vizuri muda mrefu. Sasa keneli inaanguka, leo mara nyingi, kesho kimya. Nimeweka msleep(10), yaani kusubiri milisekunde 10, kabla ya kfree inayoachia kumbukumbu, na imetulia. Je, hiyo inatosha? Mteja anasubiri.

Mzee_wa_Terminal: Pole mkuu. Vijana mnakimbilia keneli kabla ya kuijua C. Enzi zetu pointa (anwani za kumbukumbu) tulizichora kwenye karatasi kwanza.

Binti_Pangani: msleep haizuii resi, inaifanya iwe adimu. Weka logi.

mtu_wa_bodi: Logi ni ndefu, dada. Kipande hiki: `CPU: 3 PID: 412`, na rejista x0 ni `6b6b6b6b6b6b6b6b`. slub_debug (ukaguzi wa kumbukumbu za keneli) nimewasha.

Binti_Pangani: 6b ndiyo baiti ambayo SLUB, mgawaji wa kumbukumbu wa keneli, hujazia kipande cha kumbukumbu kilichokwisha kuachiwa. Mtu anasoma bafa (kumbukumbu ya muda ya data) baada ya mwenzake kuipiga kfree. Nani mwingine anaigusa? Kufuli ya kuwazuia wasiiguse pamoja iko wapi?

kamba_mbili: Mnakumbuka Dirty COW, ule udhaifu wa usalama wa Linux wa 2016? Nayo ilikuwa resi kwenye kumbukumbu, imo ndani ya keneli tangu 2.6.22 ya mwaka 2007. Nilikesha napachika viraka kwenye seva za ofisi, bosi anauliza kwa nini imeili haifunguki. Usilale na hilo tatizo, ndugu.

Nahodha_K: Samahani, hii ni chai. Kori moja, halafu CPU 3? Kori huhesabiwa kuanzia sifuri, namba 3 imetoka mbinguni? Huyu anatafuta majibu ya asaimenti ya chuo.

Mzee_wa_Terminal: Kweli bwana, sikuliona hilo.

mtu_wa_bodi: Si chai! Mteja alibadilisha bodi, mpya ina kori nne. Sikuona kama inahusu, draiva ni ileile.

Nahodha_K: Ileile kabisa? Hujagusa chochote?

mtu_wa_bodi: Nilitoa spinloki tu, ile kufuli ambayo ukiishika huruhusiwi kulala. Kwenye bodi mpya niliwasha vikaguzi vya keneli, ikaanza kulalamika "sleeping function called from invalid context". Nilipoitoa malalamiko yakaisha. Ilikuwa sahihi kuitoa, keneli yenyewe ilikuwa haiitaki.

Binti_Pangani: Keneli haikukataa kufuli. Ilikataa kmalloc (kutenga kumbukumbu) yenye GFP_KERNEL ndani ya spinloki, maana hiyo inaweza kulala ikisubiri kurasa. Bafa inakua wapi?

mtu_wa_bodi: Ndani ya read (pale programu inaposoma draiva). Ikijaa natenga kubwa zaidi, nanakili, naachia ya zamani. Programu mbili zinasoma: ya skrini na ya kutunza rekodi.

kamba_mbili: Tumia GFP_ATOMIC, rudisha spinloki, ukalale.

Binti_Pangani: Itanyamaza, lakini GFP_ATOMIC haiwezi kusubiri, kumbukumbu ikibana inarudisha NULL, yaani hupati kitu. Swali moja: intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza kazi) inaigusa hiyo bafa?

mtu_wa_bodi: Haigusi. Ni read tu.

Binti_Pangani: Basi tumia mutex, kufuli ya aina nyingine. Ukiwa umeishika unaruhusiwa kulala, GFP_KERNEL ibaki. Ishike kabla ya kusoma pointa ya bafa, iachie baada ya copy_to_user (kunakili data kwenda kwa programu). Ukiiachia katikati utarudi palepale. Zamani kori moja, keneli ikiwa hairuhusu kazi kuporana prosesa, ilikuficha: msomaji mmoja hakukatizwa mpaka alale mwenyewe. Kori nne zinakwenda pamoja kweli.

Nahodha_K: Nafuta la chai. Washa KASAN, kikaguzi cha kumbukumbu cha keneli, itakuonyesha nani alitenga na nani aliachia.

mtu_wa_bodi: KASAN inakula moja ya nane ya RAM, bodi ni ndogo. Na msleep imeshapelekwa kwa mteja jana. Je, naweza kuiacha ibaki kwa sasa, mutex ije toleo lijalo?

Binti_Pangani: Jana?! Kaka, mpigie mteja usiku huu huu. KASAN iwashe kwenye bodi yako ya mezani, ya mteja haihitaji.

mtu_wa_bodi: Saa hizi atakuwa amelala.

Mzee_wa_Terminal: Mwamshe.