Umeme wa Ethiopia ni safi kwa nani? Swali kutoka Ziwa Turkana

Mwana wa Kalokol

Ndugu zangu, naomba tulitafakari jambo hili pamoja. Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua umeme kutoka Ethiopia kwa mkataba wa miaka 25, ikianza na megawati 200, na viongozi wanapojivunia nishati safi huutaja umeme huo sambamba na jotoardhi ya Olkaria na upepo wa Loiyangalani. Mimi nimekulia Kalokol, ambako mbuta hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani ufukweni kabla ya kupakiwa kwenye malori. Ziwa letu hupata zaidi ya asilimia 80 ya maji yake kutoka Mto Omo unaotiririka kutoka Ethiopia, na mto huo ndio uliozuiwa huko na bwawa la Gibe III, lenye uwezo wa megawati 1,870. Madhara yakitokea, yanamfikia mvuvi wa Kenya, yaani raia wa nchi ile ile inayonunua. Je, ni haki kuuita umeme huo safi?

Fundi wa Laini

Ndugu, swali lako ni la msingi, ila tutenganishe mambo mawili. Umeme ukishaingia kwenye gridi haujulikani umetoka bwawa gani, ingawa laini ya kilovolti 500 inayotuletea umeme huo inaanzia Wolayta-Sodo, Ethiopia, mahali ambapo umeme wa Gibe III hufikishwa, na kusafiri takriban kilomita 1,045 hadi Suswa, Kenya. Faida yake ni ya kweli: kila saa tunapoupokea, mitambo inayochoma mafuta mazito inaweza kupunguziwa kazi, na moshi hupungua.

Pili, mitambo ya bwawa haimalizi maji. Maji huzungusha mitambo kisha huendelea na safari yake. Kinachoyamaliza ni mashamba makubwa ya miwa yanayomwagiliwa huko chini, na mvuke unaopaa kutoka bwawani. Nikiri pia jambo linaloniumiza kila nikipita Marsabit na Samburu: laini hii hutumia mkondo mnyoofu (DC), si ule unaotumika majumbani, hivyo haiwezekani kuchomoa umeme njiani bila kujenga kituo ghali cha kubadili mkondo. Minara inapita juu ya manyata ambazo usiku hutegemea moto wa kuni na tochi.

Binti Mazingira

Namshukuru Fundi, lakini hilo la maji kuendelea na safari linahitaji nyongeza. Mto si kiasi cha maji tu, ni majira pia. Zamani Omo ulifurika baada ya mvua za nyanda za juu za Ethiopia, ukabeba tope lenye rutuba, na Wadasenechi, jamii inayoishi karibu na mwisho wa mto huo, wakapanda mtama kwenye kingo pale maji yalipopungua. Mafuriko yale yale yaliingiza virutubisho ziwani na kuwapa samaki ishara ya kuzaliana. Bwawa hupenda kinyume chake, maji ya kiwango kimoja mwaka mzima, kwa sababu wateja wa umeme hawana msimu. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na bwawa hilo lilikuwa miongoni mwa sababu.

Tuwe wakweli vilevile: mvua kubwa za 2019 na 2020 zililipandisha ziwa hadi likafunika makazi, kwa hiyo anayesema limekwisha kukauka anajidhoofishia hoja. Maji mengi ya mwaka mmoja hayarudishi mapigo ya mafuriko ya kila mwaka.

Mkazi wa Arusha

Jambo hili si la Kenya peke yake. Laini ya umeme kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, Tanzania, iliwashwa Desemba 2024, na serikali yetu ilitangaza mwaka 2025 nia ya kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, ili kupunguza upotevu wa kuusafirisha kutoka mbali. Wakati huohuo tuna bwawa letu la Julius Nyerere, megawati 2,115, kwenye Mto Rufiji, na kule deltani mikoko na kamba hutegemea tope lile lile analolieleza Binti. Tukiwa wauzaji kesho, nasi tutaulizwa maswali haya haya, na inafaa tuwe na majibu.

Mwana wa Kalokol

Ahsanteni sana. Nimeelewa kwamba sina sababu ya kudai laini izimwe. Ninachodai ni kwamba mnunuzi, ambaye pia ni mwenye ziwa, aandike ndani ya mkataba wa umeme ni mwezi gani na kwa siku ngapi bwawa litafunguliwa ili mafuriko yapite, na vipimo vya mto vitangazwe kwa pande zote mbili. Fundi, wewe unayeijua mikataba hii, je, sharti kama hilo linaweza kuingizwa mkataba ukiwa tayari unaendelea, au ni lazima kusubiri nchi itakapoomba megawati zaidi?

Fundi wa Laini

Nafasi iliyo wazi zaidi ni pale kiasi kinapoongezwa. Laini imejengwa kwa megawati 2,000 na sisi tulianza na 200 tu, kwa hiyo siku hiyo haiko mbali. Andaeni vipimo vyenu vya ziwa tangu sasa.