Sikio la koili limekatika: supa gluu, epoksi, uji wa plastiki, moto au kuchapa jipya?

MpimaLupa (Makongolosi, Chunya)
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa napiga mashine ya kutafutia metali ardhini (detekta) kwenye mkondo mkavu huku kwetu. Nikaiweka detekta chini ninywe maji, mwenzangu akarudi kinyumenyume na ndoo ya kokoto akaikanyaga. Koili yenyewe, ile sahani ya chini inayosikia metali, haikupasuka, bado inasikia hata kipande kidogo cha msumari, ila moja kati ya yale masikio mawili yanayoshika fimbo ya chini limekatika kwenye mzizi kabisa. Kipande ninacho. Sikio lililobaki linabeba peke yake, koili inalegea upande mmoja, na nikiipitisha juu ya jiwe inalia bila sababu.

Nimezunguka kwa mafundi wanne na kila mmoja ana lake. Wa simu anasema supa gluu. Wa pikipiki anataka kuchomelea kwa moto na kushona kwa waya, kama anavyofanya kwenye maganda ya bodaboda. Wa mabomba atoboe apitishe bolti ya chuma. Kijana mmoja wa Mbeya anasema nimpe vipimo achape sikio jipya kwa printa ya 3D. Koili mpya kwa sasa siiwezi. Aliyewahi kupitia haya anisaidie, ipi inadumu?

FundiRedio_Kahama
Pole sana mkuu. Kabla ya lolote, huyo wa waya usimpe. Sidharau kazi yake, kwenye bampa waya ule ndio unaobeba. Lakini koili ndiyo sikio la mashine nzima: inatoa uga wa sumaku na kusikiliza chuma chochote kinachojibu. Ukizika waya sentimita mbili kutoka kwenye nyuzi zake, itausikia huo waya siku nzima, na waya ukicheza kidogo tu ndani ya plastiki utapata kelele kila unapopiga hatua. Ndiyo maana hata bolti ya kiwandani inayoshika koili ni ya plastiki. Bolti ya chuma, hapana vilevile.

Kuna mtego mwingine unaowapata wengi. Zile epoksi (gundi za kuchanganya sehemu mbili) za kijivu za kuziba injini na matangi mara nyingi zimechanganywa na unga wa chuma. Kandika kidogo kwenye karatasi, ikikauka ipitishe mbele ya koili. Ikilia, achana nayo. Rangi ya fedha nayo huwa na unga wa alumini, kwa hiyo usipake kwa urembo.

Moto siupendi kabisa kwenye koili. Nyuzi za shaba zimepakwa vanishi nyembamba, na ukituliza pasi ya kuchomelea juu yake hutajua umeunguza nini ndani. Moto utumie kwenye kisanduku cha betri au kiegemeo cha mkono. Huko unafaa sana, kwa sababu plastiki inaungana yenyewe kwa yenyewe.

Mama_Mwalo (Geita)
Supa gluu nimeitumia, mwanangu, nikueleze ilivyo. Inashika haraka na kipande kinakaa sawasawa mahali pake, lakini ikikauka inakuwa kama kioo. Ukiivuta inastahimili, ukiigonga au ukiikunja inakatika, na sikio la koili siku nzima linagongwa na kukunjwa. Langu lilidumu asubuhi moja. Wanaonyunyizia baikabonati juu yake wanapata kijazio kigumu cha pengo, ila ugumu wake ni uleule wa kukatika ghafla.

Kuhusu kuchapa: mimi nilichapisha kifuniko cha betri. Mara ya kwanza kijana alitumia PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo. Nikakiacha juu ya dashibodi mchana, narudi kimepinda hakifungi tena. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi, na gari lililofungwa juani linafika huko bila shida. Akarudia kwa PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, inayovumilia karibu nyuzi 80, na hadi leo kinafunga. Kwa hiyo kwa vifuniko, klipu na vishikio nakushauri uchapishe bila wasiwasi. Lakini hilo sikio jipya likishachapwa litashikwa na nini kwenye koili? Utarudi kwenye gundi tu, na kipande cha zamani unacho, kinaingia kwenye ufa wake vizuri kuliko chochote kitakachochapwa.

Nyota_Migori
Hapo Mama amesema ukweli. Mimi niko Migori na nilitengeneza sikio langu kwa uji wa plastiki. Unachukua vipande vya ABS, ile plastiki ngumu ya maganda ya vifaa, mimi nilitumia ganda la kompyuta bovu, unavikatakata kwenye chupa ya kioo, unamwagia asetoni, unafunga, unaacha usiku kucha. Asubuhi unakuta uji mzito. Unapaka pande zote mbili za ufa, unabana. Asetoni inayeyusha uso wa sikio na uso wa koili, ikiruka inaacha plastiki moja. Si gundi hiyo, ni mwili mmoja. Fanyia nje penye hewa, mbali na jiko na sigara, maana asetoni inashika moto upesi sana.

Boti_ya_Faiba (Tanga)
Ndugu Nyota, kwa ufa mwembamba nakubaliana na wewe. Kwa sikio lililokatika mzizi mzima sikubali. Uji ule ukipaka mnene unakauka juu, ndani unabaki laini siku kadhaa, tena unasinyaa. Mtu akiingia kazini kesho yake linang'oka.

Mimi natengeneza boti za faiba. Ningefanya hivi: epoksi ya mirija miwili, ile ya kukauka saa 24, si ya dakika tano. Ya dakika tano inafaa kushikilia kipande kisihame, lakini kwenye joto inalegea mapema zaidi. Kwangua pande zote kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe, futa kwa spiriti, usiguse tena kwa vidole. Unga sikio, subiri likauke. Halafu, na hapa ndipo nguvu ilipo, laza kitambaa cha faiba juu ya kiungo, kianzie kwenye sikio kishuke kwenye mgongo wa koili sentimita tatu au nne, tabaka mbili au tatu, kila moja imelowa epoksi. Gundi peke yake inabeba kwenye mstari wa ufa tu. Kitambaa kinautandaza mzigo kwenye eneo pana.

Mambo mawili usiyakosee. Faiba iwe nyeupe, ya nyuzi za kioo. Ile nyeusi ya kaboni inapitisha umeme, usiiweke karibu na koili. Na usitumie rezini ya boti ya polyesta tunayochanganya na hadina (dawa ya kukaushia), kwenye plastiki ya namna hii haishiki kama epoksi.

Nyota_Migori
Nimekuelewa, bro. Langu lilikuwa ufa wa nusu, halikukatika lote, nilipaswa kusema hivyo mwanzoni. Na nililiacha siku nne kabla ya kulitumia.

FundiRedio_Kahama
Niongeze kitu kinachoamua yote haya: plastiki yenyewe ni ipi? Angalia ndani ya maganda, mara nyingi imeandikwa herufi. Kama hakuna, kwangua kipande kidogo ukitumbukize kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni. Kikielea ni polipropilini au polietilini, jamaa wa ndoo na madumu, na hapo si epoksi wala asetoni itakayoshika vizuri. Kikizama, inaweza kuwa ABS au nailoni. Weka tone la asetoni: ABS inanata kidoleni, nailoni haishtuki. Fanyia jaribio kwenye kile kipande kilichokatika, usidondoshee koili.

Mama_Mwalo (Geita)
Na bolti, mwanangu, kama imepotea au imechakaa: duka la vifaa vya choo wanauza bolti za plastiki za kufungia kiti cha choo. Zikate kwa urefu unaotaka. Nimezitumia miaka.

MpimaLupa (Makongolosi, Chunya)
Wakuu, narudi na matokeo. Kipande kilizama, kikanata kwa asetoni, kwa hiyo ni ABS. Nimefuata njia ya ndugu wa Tanga. Kitambaa cha faiba nilikipata Mbeya mjini kwa fundi wa magari. Epoksi niliyoikuta dukani kwanza ilikuwa ya kijivu. Nikaijaribu kwenye karatasi kama fundi alivyosema, ikalia waziwazi, nikatafuta nyeupe. Nilipitisha bolti ya plastiki kwenye matundu yote mawili wakati wa kubana, ili masikio yakauke yakiwa yametazamana. Nimeacha siku mbili.

Leo nimeitembeza saa sita kwenye kokoto. Sikio limetulia. Ila bado inalia kidogo nikiigonga koili kwenye jiwe.

FundiRedio_Kahama
Kebo umeizungusha vipi kwenye fimbo? Ikining'inia karibu na koili ikicheza, mashine inalia. Ibane kwa mkanda wa velkro, mzunguko wa kwanza usicheze kabisa. Kisha fungua kile kifuniko cha chini cha koili, osha ndani. Mchanga mweusi wa sumaku unapenda kujikusanya humo.

Boti_ya_Faiba (Tanga)
Na washa (pete) za mpira kati ya masikio na fimbo je, zipo? Zikiisha, watu wanakaza bolti kwa koleo ili koili isicheze, na masikio yanabeba mkazo ule hata mashine ikiwa imelala ndani. Nadhani lako lilikuwa na ufa kabla mwenzako hajalikanyaga.

MpimaLupa (Makongolosi, Chunya)
Kebo nimeibana na kifuniko nimekiosha, mchanga mweusi ulijaa kiganja. Kelele imekwisha. Washa hazikuwepo, ni kweli nilikuwa nakaza kwa koleo. Nimekata mbili kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, na sasa nakaza kwa vidole tu, inashika. Nimemwomba radhi mwenzangu.