Tupeane uzoefu: umepima nini, ukabadili nini, ili kuishi ndani ya mipaka ya Dunia?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Mwaka 2009 wanasayansi wakiongozwa na Johan Rockström walitaja mipaka 9 ya mazingira, kama ya tabianchi, maji safi, mbolea na tabaka la ozoni, ambayo tukiivuka, Dunia inaanza kuacha kuwa makazi ya kutegemewa. Kufikia 2025, mipaka 7 ilihesabiwa kuwa imeshavukwa. Nilikosa raha siku nzima, maana jambo likiwa kubwa hivyo mtu hajui ashike wapi.

Kilichoninyanyua ni bomba la bafuni. Lilikuwa likidondosha tone kwa tone kwa miezi, na masikio yalishalizoea. Nikatega ndoo asubuhi, kesho yake saa ileile nikapima: lita 8. Kwa mwaka ni lita 2,920 za maji safi, yanaingia mtaroni bila kugusa mkono wa mtu. Tatizo lilikuwa kampira ka ndani kalikokwisha. Basi leteni simulizi za namna hiyo, zilizowatokea wenyewe.

Fundi friji
Mimi nina deni. Kwa miaka mingi, friji ikija na hitilafu nilikuwa nakata bomba la kompresa na kuiachia gesi hewani. Pssss, dakika chache kazi imeisha. Ndivyo nilivyofundishwa. Baadaye mafunzoni nikaambiwa gesi ile, R-134a, hupasha angahewa joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, ukihesabu kwa miaka 100. Gramu 100 tu ni sawa na zaidi ya kilo 100 za kaboni dioksidi. Nikaanza kukumbuka friji zote zilizopita mikononi mwangu, nikashindwa kumaliza hesabu.

Sasa nainyonya kwa mashine hadi kwenye mtungi. Inakula muda, wateja wengine hununa, nami nawaeleza. Tena fani yetu ina ushahidi kwamba binadamu wakiamua wanaweza kurudi nyuma: Itifaki ya Montreal ya 1987, yaani makubaliano ya nchi, ilibana gesi za CFC, zile za friji za zamani zilizokuwa zikila tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Nchi zote zikairidhia, na tabaka hilo linapona taratibu. Mpaka wa ozoni ni mmoja kati ya mipaka michache ambayo bado tuko ndani yake. Anayeniambia haiwezekani, namwonesha mtungi.

Mkulima
Kwangu ni mbolea. Nilikuwa nikimwaga urea yote kwa mkupuo, mvua ikija inaishusha bwawani. Maji yakawa kijani kizito kama rangi ya ukutani, na alfajiri moja nikakuta samaki wameelea juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Ukijani ule ni mwani uliolishwa na mbolea; ukifa na kuoza ndio unaomaliza oksijeni. Siku hizi naigawa mara mbili, naifukia kando ya shina, na ukingoni mwa bwawa nimeacha ukanda wa nyasi uchuje maji. Bwawa halijarudi lilivyokuwa, nisiwadanganye. Ila mwaka huu vyura wamerudi kulia usiku.

Fundi cherehani
Shati moja la pamba hutumia takriban lita 2,700 za maji, kuanzia shambani. Ndiyo maana likiletwa limechakaa kola tu, halafu mwenyewe anazungumzia kulitupa, naumia. Nafumua mshono kwa wembe, naigeuza kola upande wa ndani uje nje, nashona kwa kufuata matundu yaleyale ya sindano. Nusu saa, na shati lina miaka mingine mbele yake.

Mchangiaji mgeni
Mleta mada, hako kampira kanabadilishwaje? Langu nalo linadondosha muda mrefu.

Mleta mada
Funga koki kuu kwanza. Fungua bomba maji yaliyobaki yatoke, ndipo ushike spana. Kampira ka zamani usikatupe, nenda nako ukanunue saizi ileile. Lakini kabla ya yote tega ndoo leo, kesho utuletee namba yako.