Kusini mwa London tyubu hakuna: tulibaniwa au ni udongo?

Mlinzi_wa_Zamu: Wakuu salama? Nakaa Peckham, huku kusini, mwaka wa sita huu. Leo kazini nimebishana na jamaa wa Finchley, kule kaskazini, mpaka chai imepoa. Tyubu, hizi treni za chini ya ardhi, ina stesheni 272, kusini ya mto Thames hazifiki hata 40. Yeye anasema ni udongo, mimi nasema tulibaniwa, mnyonge hajengewi reli. Nyie mnasemaje?

Mtoto_wa_Finchley: Jamaa ni mimi 😂 Narudia hapa hapa, ni udongo. Kaskazini ni mfinyanzi, unachimbika vizuri na maji hayapenyi. Kusini mchanga na changarawe zimelowa maji. Halafu mabasi si mnayo? Watu wa kusini kwa kulalamika hamjambo.

Dada_Brixton: Kwa kulalamika??? Wewe ushawahi kutoka nyumbani saa kumi alfajiri, basi la kwanza limejaa, la pili limekupita dereva hata hakutazami, mvua hiyo, na ofisi za watu zinataka ziwe zimeshadekiwa kabla ya saa mbili? Na huo udongo 1971 tyubu ya Victoria line inafika Brixton huku kusini ulikuwa umesafiri?

Mtoto_wa_Finchley: Brixton ni stesheni moja dada, tuliza moyo.

Dada_Brixton: Usiniambie nitulize moyo.

Babu_Platfomu: Wanangu taratibu. Mnabishana udongo na laini ya kwanza kabisa wala haikutoboa chini sana. Metropolitan, Januari 1863, Paddington mpaka Farringdon. Walichofanya ni kupasua barabara, wakashusha mtaro, wakajenga matao ya matofali, wakafunika tena juu magari ya farasi yakaendelea kupita. Na treni zenyewe za mvuke.

Ng'onda: Mzee hapo umetupiga kamba. Mvuke ndani ya shimo? Abiria si wangetoka wamekauka kama mimi?

Babu_Platfomu: Ndio walikuwa wanakauka. Behewa la mbao, taa ya gesi juu ya kichwa chako, kichwa cha treni kina tangi la maji ya kupozea mvuke lakini moshi wa makaa nao uende wapi? Ikabidi watoboe matundu ya kupumulia. Na bado siku ya kwanza walipanda watu kama 38,000. Umeme umekuja kuchukua nafasi huko kwenye 1905.

Ng'onda: 38,000 wanajipanga kulipia moshi. Wazungu nao.

Kasuku_Stockwell: Babu malizia basi. Ya kwanza ya umeme, ile ya kina kirefu, ilianzia KUSINI. 1890, Stockwell, inapita chini ya Thames inatokea King William Street. Mabehewa madirisha yake vijitundu tu, walidhani chini huko mtu ataangalia nini, watu wakayaita selo za vichaa. Kwa hiyo mfinyanzi wako Finchley kaa nao, sisi ndio wa kwanza duniani.

Mtoto_wa_Finchley: Sasa kama mlikuwa wa kwanza, mlibaniwa na nani?

Mpole: Wakuu jibu mbona liko kwingine. Kusini reli za juu zilishajaa zamani, na kampuni zake hazikutaka mshindani. Laini ya Morden ilitaka kwenda mpaka Sutton, Southern Railway wakaikomalia, ikaishia Morden 1926. Udongo umechangia, ila biashara ndiyo iliyoamua.

Mtoto_wa_Finchley: Na 2024 mmeletewa laini ya Windrush, bado mnalia.

Dada_Brixton: Hiyo ni Overground, treni za juu ya ardhi, ile ile waliyoibandika jina! Pauni milioni 6 na ushee kubadilisha majina na rangi kwenye ramani. Majina sita. Treni hata moja haijaongezeka. Mimi nitaiita Overground mpaka naingia kaburini.

Kasuku_Stockwell: Dada hapo sikuungi mkono. Windrush ni ile meli iliyoleta watu wa Karibiani. Baba mkwe wangu ni Mbarbados, 1956 London Transport walitumana mpaka kwao kutafuta wafanyakazi, akaja, kakata tiketi za watu mpaka magoti yamekwisha. Jina moja tu kwenye ramani mnaona ghali?

Dada_Brixton: Shikamoo yake mpelekee kwa heshima zote. Mimi nasemea hela, sijamgusa mzee.

Kasuku_Stockwell: Umemgusa.

Ng'onda: Jamani tumetoka kwenye udongo tumefika kwa wakwe.

Babu_Platfomu: Mwenye mada mwenyewe yuko wapi?

Mlinzi_wa_Zamu: Nipo Babu, nimo kwenye basi la 36, tumekwama Camberwell, dakika ya ishirini hii, mbele kuna barabara imechimbwa. Nawasoma tu. Kwa hiyo ni udongo au si udongo?

Mtoto_wa_Finchley: Si ungepanda hiyo Windrush kaka.

Mlinzi_wa_Zamu: Nimetokea Victoria. Windrush haifiki Victoria.